Sudan bado inawaka, na sisi tumebaki tisa

Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa katika ua tunaokutania Jumamosi kwa ajili ya Sudan. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilimjumlisha mtoto wa mwenye nyumba aliyekuwa amekalia jerikani akitutazama tu. Mei 2023, vita vya Sudan vikiwa havijatimiza miezi miwili, ua huohuo wa Kansanga, mtaa wa Kampala, ulijaa watu wakamwagika hadi barabarani: wanafunzi wa Makerere, Wasudani waliofika Kampala na begi moja moja, masheikh, watawa, na Wanubi wenzangu, Waganda wenye asili ya Sudan, kutoka mji wa Bombo waliokodi taksi nzima. Siku hizo tulikodi hata spika. Sasa kundi letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia mbili, na mtu akiuliza "Jumamosi tupo?" swali hukaa hadi usiku bila jibu.

Kinachofanyika hapo ni kidogo. Tunatandaza shuka jeupe ukutani, juu yake yameandikwa majina ya waliouawa na waliopotea, kwa Kiarabu na kwa herufi za Kirumi. Tunayasoma. Tunaomba dua, kila mtu kwa dini yake. Tunaandika barua. Tunachanga.

Rafiki yangu mmoja tuliyekua naye Bombo, fundi magari, aliniambia wazi: "Ndugu yangu, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mnasoma majina ya marehemu uani, Hemedti na wapiganaji wake wanajua hata Kansanga iko wapi?" Siku ile sikumjibu. Sikuwa na jibu, wala sikutaka kumtungia la haraka. Nimelibeba swali lake kazini na kwenye taksi kwa miezi, na haya ndiyo niliyofikia.

Kwanza, hakusema uongo. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu waliandamana siku moja, katika mamia ya miji duniani, kupinga vita vya Iraq. London peke yake polisi walikadiria watu 750,000. Karibu wiki tano baadaye mabomu yakaanguka Baghdad. Na hiyo ilikuwa Iraq, ambako kamera za dunia nzima zilikuwa zimeelekezwa. Sudan haikupata hata hilo. Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la Jenerali Burhan na wapiganaji wa kikosi cha RSF kinachoongozwa na Hemedti, na watu zaidi ya milioni 12 wakayahama makwao. Mji wa El Fasher, Darfur Kaskazini, ulizingirwa kuanzia Mei 2024. Agosti mwaka huohuo njaa ikatangazwa katika kambi ya Zamzam iliyo kando yake. Picha za satelaiti zilionyesha tuta la udongo likijengwa kuuzunguka mji ili asitoke mtu wala kisiingie kitu. Hakuna mkubwa yeyote wa dunia anayeweza kusema hakuambiwa. Tarehe 26 Oktoba 2025 RSF wakaingia. Siku mbili baadaye, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 460, wagonjwa pamoja na waliokuwa wakiwauguza, waliuawa katika hospitali ya uzazi ya mji huo.

Sheria nazo? Baraza la Usalama lilipiga marufuku kupeleka silaha Darfur tangu 2004, na silaha hazikukoma kuingia. Sudan iliishtaki Umoja wa Falme za Kiarabu kwa madai ya kuwapa RSF silaha, madai ambayo Falme hizo zinayakanusha. Mei 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikasema haina mamlaka juu ya shauri hilo na kuliondoa katika orodha yake.

Kwa hiyo kama kipimo cha Jumamosi zetu ni vita kusimama, tumeshindwa, na fundi amesema kweli. Lakini nilipokaa na kipimo hicho nikaona hakikutoka kwa watu wanaouawa. Tulijiwekea wenyewe, sisi wenye kuishi salama Kampala, tuliotaka kuona matunda ya jasho letu kabla hatujachoka.

Yuko mama wa El Fasher ambaye hajakosa hata Jumamosi moja. Namwita khalti, mama mdogo. Neno hilo Kinubi chetu kimelirithi kutoka Kiarabu cha kwao. Sisi Wanubi ni wajukuu wa askari wa Kisudani wa gavana Emin Pasha, walioletwa huku na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891, na lugha yetu bado inanuka Nile. Khalti anauza chai na kahawa ya tangawizi kwenye meza ndogo kando ya barabara. Siku moja, wateja wakiwa wameondoka, alinisikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yake, wa tarehe 24 Oktoba 2025. Nilielewa nusu. Neno moja nililishika vizuri: ambaz. Ni mashudu ya karanga, makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, chakula cha ng'ombe. Dada mtu alikuwa akieleza jinsi ya kuyaloweka usiku kucha na kuyatia chumvi ili watoto wayameze. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mwanamke anayempa mwenzake maelekezo ya mapishi. Mwishoni akauliza kama Kampala mvua zimeanza. Khalti alimjibu papo hapo kwamba zimeanza. Jibu hilo hadi leo lina alama moja tu ya kijivu.

Nilimuuliza kama anaona haja ya kuendelea kukutana. Alifuta meza kwanza. Akasema: "Wakati wa mzingiro, kila alipopata mtandao aliniuliza swali moja. Huko wanajua? Nilimwambia wanajua, wanakaa kila wiki. Nisingeweza kumdanganya, mwanangu. Angenitambua kwa sauti."

Mtu anaweza kusema hiyo ni faraja tu, na faraja haizuii risasi. Sawa. Lakini Waganda tunajua zaidi ya hapo, kwa sababu sisi wenyewe tumewahi kuwa vita vya mbali vya watu wengine. Muulize Mwacholi yeyote mwenye umri wa miaka 30 na zaidi. Kwa karibu miaka ishirini kaskazini yetu iliungua kwa vita vya serikali na waasi wa Joseph Kony, na Kampala ilikuwa ikicheza muziki. Makumi ya maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini kwenda kulala kwenye baraza za maduka na stendi ya mabasi ya Gulu ili wasitekwe, asubuhi wakarudi kwa miguu. Juni 2003 Askofu Mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walichukua mikeka, wakaenda kulala nao nje, usiku nne. Hawakuwa na bunduki wala kura. Kony hakuacha kuteka kwa sababu maaskofu walilala chini. Ila waandishi wa habari walikuja, na Novemba mwaka huo Jan Egeland, mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alifika na kuutangazia ulimwengu kwamba hilo lilikuwa janga kubwa kupita yote yaliyosahauliwa. Mwaka 2005 utafiti wa Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba watu wapatao 1,000 walikuwa wakifa kila wiki katika kambi za waliohama makwao Acholi kupita kiwango cha kawaida. Julai 2006 mazungumzo yakaanza Juba, Agosti silaha zikasitishwa.

Sisemi usiku nne za Gulu zilileta Juba. Mambo mengi yalileta Juba, ikiwemo Sudan yenyewe kubadilika. Ninachosema ni kwamba kuna kipindi kirefu ambamo kila kitu kilionekana bure, na watu waliokuwa ndani ya kipindi hicho hawakuwa na namna ya kujua wako katikati yake au mwisho wake. Waliolala stendi mwaka 2003 hawakujua imebaki miaka mitatu.

Kaskazini pia ilitufundisha namna mbaya ya kupigania vita vya mbali. Machi 2012 shirika la Kimarekani lilitoa ile video maarufu kuhusu Kony, ikatazamwa mara milioni 100 kwa siku chache. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, watu waliopoteza ndugu walikasirika hadi mawe yakarushwa. Kony alikuwa ameshaondoka Uganda miaka kadhaa nyuma, wao walikuwa wakihangaika kujenga upya nyumba na kutibu watoto waliorudi, na jina la muuaji wao lilikuwa limechapwa kwenye fulana. Huo ndio uharakati ambao fundi angekuwa na haki ya kuudharau: unaozungumza juu ya vichwa vya wenye msiba. Ndiyo sababu tulikubaliana tangu mwanzo kwamba uani kwetu Wasudani wanaamua jina gani linaandikwa na picha gani haionyeshwi. Khalti amekataa picha zote za maiti. Hatuzionyeshi.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda yalipigana Kisangani, katikati ya mji wa Wakongo, watu wa Kiswahili kama mimi, kwa siku sita mfululizo. Mamia ya raia walikufa. Nyumba na makanisa yalipigwa makombora yetu na yao. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyesimama na bango Kampala wiki ile, na nilikuwepo, na mimi pia sikusimama. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia kwa yaliyotendeka Kongo, na Februari 2022 ikaamuru tulipe dola milioni 325. Zinatoka kwenye kodi ya fundi na kodi yangu. Kwa mtu wa Kisangani, Kampala ndiyo ilikuwa upande wa pili wa vita vile: mahali amri ilipotoka, mahali ambapo kelele zingeweza kusikika na waliotoa amri. Hakuna aliyepiga kelele, na kunyamaza kwetu kukahesabiwa kuwa ridhaa.

Tangu nilipoliona hilo nimeacha kuuliza kama sauti yangu itafika El Fasher, takriban kilomita 1,700 kutoka hapa. Nauliza ni wapi vita vile vinapita karibu na mkono wangu. Aprili 2008 meli ya Kichina, An Yue Jiang, ilitia nanga Durban ikiwa na tani 77 za silaha za serikali ya Zimbabwe, wiki chache baada ya uchaguzi uliofuatiwa na vurugu. Wapakuzi wa bandari, kupitia chama chao cha wafanyakazi, walikataa kuzishusha, na askofu wa Anglikana akaenda mahakamani. Meli ikaondoka Durban na shehena yake. Wapakuzi wale hawakuweza kumwondoa Mugabe. Waliweza kutoshusha makasha, kwa sababu makasha yalikuwa yapite mikononi mwao.

Kampala haina bandari ya bahari, lakini ina meza ambazo wakubwa wa vita hupenda kupigwa picha wakiwa wamezikalia. Septemba 2023 Burhan alipokelewa Entebbe. Desemba mwaka huo Rais Museveni akampokea Hemedti. Wapatanishi lazima wazungumze na wenye bunduki, sipingi hilo. Lakini mtu anayetuhumiwa kwa mauaji ya halaiki, ambayo serikali ya Marekani ilitamka rasmi Januari 2025 kwamba RSF wameyatenda, akishuka kwenye ndege nchini kwetu anapata kitu: heshima. Hapo ndipo sauti za watu tisa wa Kansanga zina umbali mfupi wa kusafiri. Mbunge wetu tunamjua hadi nyumbani kwake. Tunaweza kumuuliza, kwa barua yenye majina yetu, serikali yetu iliwaambia nini wageni wale kuhusu El Fasher. Katiba ya 1995, ibara ya 29, inatupa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko. Najua, kama kila Mganda ajuavyo, kwamba barabarani haki hiyo ina gharama. Vijana waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni Julai 2024 kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi. Ndiyo maana sisi tuko uani na si barabarani, na simlaumu anayeona hata ua ni hatari.

Upande mwingine vita vinapopita karibu ni chakula. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na Wasudani wengi wamepelekwa Kiryandongo. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba kwa kukosa fedha limewaondoa wakimbizi milioni moja katika mgao. Mtu aliyekula mashudu Darfur akafika Kiryandongo akakuta gunia halipo. Kiryandongo ni mwendo wa nusu siku kwa basi. Hapo hakuna umbali wa kujificha nyuma yake. Michango yetu, ambayo zamani tuliitumia kuchapisha mabango, tangu Januari inakwenda huko, na nyingine inavuka kupitia mfanyabiashara wa Kisudani anayeituma kwa Bankak, huduma ya benki ya Sudan kwa simu, hadi kwenye majiko ya pamoja ambayo vijana wa mitaa ya Sudan wameyaendesha tangu vita vianze.

Fundi alikuwa na swali la pili, zito kuliko la chura. Kwa nini Sudan, na hapa kwetu watu wanafungwa? Je, si rahisi kulia kwa ajili ya Darfur kuliko kusema la Kampala? Ndiyo, ni rahisi, na historia yetu ina mfano ambao Mnubi hana raha kuusimulia. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika zaidi ya ishirini, kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikicheza Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kuuawa. John Akii-Bua, Mlangi, bingwa wetu wa mita 400 kuruka viunzi kutoka Munich 1972, dhahabu ya kwanza ya Uganda, hakukimbia. Mmarekani Edwin Moses akaichukua dhahabu, na rekodi ya dunia ya Akii-Bua pia. Rais wa Uganda hiyo iliyosusia kwa jina la haki za Waafrika alikuwa Idi Amin, ambaye wakati huohuo Walangi na Waacholi walikuwa wakiuawa chini yake. Haki ya mbali ilikuwa kitambaa cha kufunika damu ya karibu.

Na bado kususia kule kulifanya kazi. Mwaka mmoja baadaye, Juni 1977, nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana Gleneagles, Uskoti, kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Nimejaribu kulitatua fumbo hilo nikashindwa: kitendo sahihi, kilichofanywa na mikono michafu, kwa gharama ya mtu asiye na kosa. Ninachoweza ni kutoruhusu Jumamosi zangu ziwe kitambaa. Anayenikuta uani Kansanga nikilia El Fasher ana haki ya kuniuliza nilisema nini kuhusu Kongo, ambako majeshi yetu yamo tena tangu Novemba 2021, na jibu langu liwe na tarehe.

Kwangu mimi Sudan pia ni deni. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Wanubi tulilipishwa makosa ya utawala wake, mwenye hatia na asiye nayo. Bibi yangu alitembea na watoto wanne hadi Yei, wakati huo Sudan, na wakampa pa kulima mihogo. Alikaa miaka saba.

Nimemwambia fundi kwamba tutapunguza. Kila wiki kumewachosha watu, na aliyechoka hajasaliti mtu. Sasa ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, barua moja kwa mbunge, mchango mmoja Kiryandongo. Majina hayapungui. Tarehe 6 Oktoba 2025, siku ishirini kabla El Fasher haijaanguka, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilimtia hatiani Ali Kushayb, kiongozi wa wanamgambo, kwa makosa 27 yaliyotendeka Darfur mwaka 2003 na 2004. Desemba akahukumiwa miaka 20. Ni hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo kwa Darfur yote. Kati ya kosa na hukumu ilipita miaka ishirini na moja, na katika miaka yote hiyo kuna watu waliokaa na majina, tarehe na mahali, katika kambi za Chad na vyumba vya kupanga vya miji kama huu, wakiambiwa wanapoteza muda.

Jumamosi iliyopita, tukiwa tisa, khalti alisogea ukutani akashika shuka. Jina la mstari wa tatu tulikuwa tumeliandika kwa herufi ya Kiarabu kafu, akasema ni qafu. Na mtoto yule hakuwa na miaka 16, alikuwa na 6. Tuliyemnukuu alisikia vibaya kwenye simu. Wino ulikuwa umeshaingia kwenye nguo. Tulipiga mstari juu yake, tukaandika upya pembeni, polepole, yeye akitutajia herufi moja moja.